Baiskeli mpya zenye sura ya kale: nini kinapaswa kubaki?

Miongoni mwetu tunaotunza na kukarabati baiskeli za zamani katika Nyanda za Juu Kusini, hakuna jambo linalozua ubishi mkali kama baiskeli mpya zinazoundwa kwa sura ya zile za kale. Wapo wanaoshikilia kwamba baiskeli isiyotoka kiwandani katika enzi yake haina hadhi hata kidogo, na wapo wanaoridhika mara tu waonapo rangi nyeusi, mistari ya dhahabu na tandiko la ngozi. Mimi kazi yangu ni kufufua baiskeli za aina hii hapa Mbeya, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinaangalia mahali pasipo na uzito. Umri wa baiskeli na rangi yake si hoja. La kuuliza ni iwapo mtengenezaji amebakiza vipimo vya fremu, magurudumu na maungio, na iwapo fundi wa kawaida mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuitengeneza.

Kabla ya yote, ni vizuri kukumbuka kwamba umbo hilo tunaloliita la kale halijawahi kutoweka kwetu. Nchini Uingereza, kiwanda cha Raleigh cha Nottingham, kampuni iliyoanzia miaka ya 1880, kiliacha kuunda fremu mwaka 1999 na kuacha hata kuunganisha baiskeli mwaka 2002, na tangu hapo mpenzi wa huko anayetaka baiskeli mpya ya mtindo ule hutegemea kampuni chache kama Pashley, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambayo baiskeli yake iitwayo Guv'nor imechukua umbo la baiskeli za mashindano za miaka ya 1930. Lakini kule Tianjin, China, Flying Pigeon ilianza kutoka kiwandani mwaka 1950 kwa kufuata mfano wa baiskeli za Kiingereza, na Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana, India, zikafuata njia hiyohiyo. Ndiyo maana mkulima wa Igurusi au Ubaruku anayepeleka gunia la mpunga mashineni kwa Phoenix anaendesha kitu ambacho mkusanyaji wa Ulaya hukilipia fedha nyingi kama kumbukumbu. Kwake yeye hiyo ni baiskeli tu, na nadhani maoni yake kuhusu kipi kizuri na kipi kibaya yanastahili kusikilizwa kabla ya maoni yetu sisi wenye kuzipamba.

Nianze na fremu. Baiskeli ya Kiingereza ya magurudumu ya inchi 28 ilikuwa na shingo iliyolala nyuma, pembe yake na ardhi ikiwa takriban digrii 66, na uma uliopinda mbele kwa kiasi kikubwa, na bomba la tandiko nalo lililala vivyo hivyo. Mlalo huo hufanya baiskeli iende polepole katika kugeuka, lakini hutuliza usukani na kupunguza mitikisiko kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo. Isitoshe, gurudumu la nyuma hukaa mbali na pedali, hivyo keria hubeba mzigo mpana bila visigino vya mpandaji kuugusa. Baiskeli nyingi mpya zenye sura ya kale zimenyooshwa hadi digrii 71 au 72, kama baiskeli ya kisasa ya mjini, kisha zikapakwa rangi ya kale. Baiskeli ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri sana kwa lami, na sina ugomvi nayo, ila siwezi kuiita nakala ya ile ya zamani, kwa sababu mtu akifumba macho na kuiendesha kutoka Chimala kuingia mashambani hataitambua.

Jambo la pili, na ndilo linalowaumiza wanunuzi wengi kuliko yote, ni magurudumu. Tairi linaloandikwa 28 x 1½, lile linalouzwa kwenye vibanda vya vipuri vya Mwanjelwa na karibu kila mji mdogo wa mikoa yetu, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa nazo huandikwa inchi 28, lakini rimu zake ni za milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na kwa macho huwezi kuiona, ila tairi la 635 likiwekwa kwenye rimu ya 622 hulegea na kuchomoka mara upepo unapojazwa, na la 622 halipandi kabisa kwenye rimu ya 635 hata ulivute kwa chuma. Mtu anaponiletea baiskeli mpya ya sura ya kale, kitu cha kwanza ninachosoma ni namba hiyo ubavuni mwa tairi, kabla sijaangalia nembo wala rangi. Ikiwa ni 635, najua mtengenezaji alimfikiria mtu atakayeitumia miaka mingi. Pashley, kwa sifa yake, imebakiza kipimo hicho kwenye Guv'nor.

Hesabu ya spoku nayo hueleza mengi. Waingereza waliweka spoku 32 gurudumu la mbele na 40 la nyuma, kwa sababu uzito wa mpandaji na mzigo uko nyuma. Siku hizi kawaida ni 36 kwa 36, jambo linalorahisisha kazi ya kiwanda kwa kuwa rimu na habu (vitovu vya magurudumu) zote hutobolewa sawa. Kwa mpandaji mmoja asiye na mzigo hakuna hasara. Kwa anayebeba mkaa au mahindi hasara ipo, nami ningependa kuona mpango wa 32 kwa 40 ukirudi.

Kuhusu maungio, wapenzi wengi husema kwamba chuma cha zamani kilikuwa bora, na hapo sikubaliani nao, kwani chuma cha kromoli (kilichochanganywa na kromu na molibdenamu) kinachotumika leo kwenye fremu nzuri hakipungukiwi na kitu. Kilicho bora katika fremu za zamani ni namna zilivyounganishwa: mabomba yalichomekwa ndani ya soketi, yaani vipande vya chuma vya kwenye pembe za fremu, kisha yakashikizwa kwa shaba nyeupe iliyoyeyushwa kwa moto usiofikia kuyeyusha chuma chenyewe. Fundi mwenye mtungi wa gesi anaweza kuipasha moto soketi hiyo, kulitoa bomba lililopasuka na kuweka jingine. Fremu iliyochomelewa bomba kwa bomba ni imara, ila ikipasuka penye kiungo, matengenezo yake mara nyingi huwa kiraka juu ya kiraka.

Kuna sehemu moja ambayo nasimama waziwazi upande wa baiskeli mpya, nayo ni breki. Breki za vyuma zinazovuta raba kwenye rimu ya kromu hupendeza macho, na nimewahi kukaa jioni nzima nikizing'arisha za mteja. Lakini kromu ikilowa raba huteleza, na mvua za kwetu za kuanzia Desemba hadi Aprili hazimsubiri mtu afike nyumbani. Anayeshuka kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo wakati wa mvua akitegemea breki hizo anahatarisha maisha yake na ya wanaotembea pembeni. Breki za dramu zilizofichwa ndani ya habu, kama zile wanazofunga Pashley, hazijali rimu kulowa, na hazibadilishi umbo la baiskeli. Wanaozikataa kwa sababu hazikuwepo kwenye picha ya zamani wanasahau pia kwamba Sturmey-Archer, watengenezaji wa habu wa Kiingereza, walikuwa wakitengeneza breki za dramu tangu miaka ya 1930.

Ndivyo ilivyo hata kwa gia. Habu ya Sturmey-Archer aina ya AW yenye gia tatu ilibuniwa miaka ya 1930, na gia yake ndogo hupunguza mwendo kwa robo huku kubwa ikiuongeza kwa theluthi. Ile ya zamani, waya wake ukilegea kidogo, huwa na mahali patupu kati ya gia ya pili na ya tatu, na pedali huzunguka bila kushika. Ukiwa umesimama juu ya pedali, hilo hukuangusha kifua juu ya usukani. Tangu kampuni iliponunuliwa na SunRace ya Taiwan mwaka 2000, habu hiyo imerekebishwa na pengo limeondolewa. Ganda la nje linafanana na la babu yake, na kwangu huo ndio uigaji wa heshima.

Ninachokipinga bila kusita ni udanganyifu. Zipo fremu mpya zinazobandikwa nembo ya Raleigh na kuuzwa kama baiskeli ya enzi za mkoloni. Mnunuzi aangalie mambo matatu. Nembo ya shingoni ya zamani ni bati lililopigwa ribiti au skrubu, si karatasi ya gundi. Habu ya Sturmey-Archer ina namba zilizogongwa kwenye ganda, kwa mfano 54 na 7, yaani Julai 1954, ingawa gurudumu linaweza kuwa lilibadilishwa, hivyo namba hizo peke yake hazitoshi. Mwisho, mwombe fundi afungue vikombe vya ekseli ya krenki (mhimili unaoshika mikono ya pedali), kwani Raleigh walitumia hesi, yaani mizunguko ya skrubu, 26 kwa kila inchi pale ambapo viwanda vingine vya Kiingereza vilitumia 24. Kikombe cha 24 kikiingia mle bila kulazimishwa, fremu hiyo haikutoka Nottingham, na bei yake ijadiliwe upya.