Ruzuku ya Mbolea: Hakuna Pesa Itakayotumwa kwa Simu Yako

Kila msimu wa masika unapokaribia, swali linalorudi katika ofisi za kilimo Trans Nzoia, Kenya, ni lile lile: pesa za ruzuku zitaingia lini? Hazitaingia. Ruzuku hii mkulima hapewi mkononi; serikali hubeba sehemu ya bei kabla mfuko haujakufikia. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 dukani ulifika Sh6,500, wa ruzuku ukawa Sh3,500, na Agosti 2023 ukashuka hadi Sh2,500. Hiyo tofauti ndiyo malipo yako. Anayekupigia akitaka “ada ya kufungulia ruzuku” ni tapeli, na ajabu ni kwamba bado anapata wa kumtumia.

Utaratibu wenyewe hauna njia ya mkato. Chifu au naibu wake anakuandikisha katika KIAMIS, sajili ya kitaifa ya wakulima: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mazao, ekari. Mtambo wa sajili hupiga hesabu ya mifuko kwa ekari hizo, kisha vocha inakuja kwa ujumbe mfupi. Unaenda bohari la NCPB (bodi ya taifa ya nafaka) au kituo kilichoidhinishwa ukiwa na kitambulisho halisi na simu yenye laini ile ile uliyoandikisha. Picha ya kitambulisho cha shemeji haitoshi.

Vocha isipofika, mara nyingi kosa ni dogo: tarakimu moja ya kitambulisho imekosewa, au laini ilipotea ukanunua nyingine bila kumwarifu chifu. Kosa hilo hurekebishwa kwa chifu. Karani wa bohari hawezi, hata ukimfokea hadi jioni. Kuna pia shamba la mzee lililogawiwa wana watatu kwa maneno tu: mzee ameandikisha ekari sita, kila mwana naye ameandikisha mbili. Karatasini shamba sasa ni ekari kumi na mbili. Kila mmoja aandikishe anacholima, na mzee apunguze zake.

Hapa lazima tuseme wazi. Kutaja ekari usizo nazo, au kutumia kitambulisho cha marehemu ili upate mifuko, ni kujipatia mali kwa udanganyifu. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha hadi miaka mitatu. Tetesi kwamba “ni mbolea tu, hakuna anayefungwa” hazitakusaidia mahakamani. Vivyo hivyo kwa anayemwachia dalali vocha: mbolea ikikamatwa ikihamishiwa magunia mengine, jina lililo kwenye kumbukumbu ni lako.

Kuhusu mbolea duni iliyouzwa mwanzoni mwa 2024, vyombo husika vililishughulikia suala hilo na hatutalirudia hapa. Ila kagua mshono, uzito na aina iliyoandikwa kabla ya kupakia. Tunza risiti, pamoja na mfuko mtupu wenye lebo, hadi mahindi yavunwe. Lalamiko lisilo na risiti halina pa kuanzia.

Kwa mahindi, kadiria mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, kwa ekari wakati wa kupanda na mmoja wa CAN, mbolea ya kukuzia, yanapofika magotini. Ukitumia DAP mwaka baada ya mwaka udongo huzidi uchachu, na chokaa ya kupunguza uchachu huo haimo katika bei hiyo ya mfuko. Pima udongo kwanza, angalau miezi miwili kabla ya kupanda, ili chokaa ipate muda wa kufanya kazi.