Rubani wa ndege ya kivita na zile sekunde tano

Watu wakisikia kwamba mimi ni daktari wa marubani wa kijeshi, swali linalofuata huwa ni lilelile: hivi hawa vijana hawaogopi vita? Vita ni sehemu tu ya hatari yao. Hata wakati wa amani, siku ya mazoezi ya kawaida, bila adui yeyote angani, kijana wa miaka ishirini na kitu anaweza kuzimia huku ameshika usukani wa ndege iendayo kilomita 800 kwa saa. Hatari hiyo inatoka ndani ya mwili wake mwenyewe, naye anaijua fika kabla hajakanyaga ngazi ya ndege. Bado anapanda. Ndiyo maana ninawavulia kofia.

Nieleze inavyotokea. Mvutano wa dunia tuliouzoea sote tunauita G moja. Ndege ya kivita ikikata kona kali, rubani anagandamizwa kwenye kiti na kila kiungo chake kinaongezeka uzito. F-16 inaweza kufika G 9. Kichwa pamoja na helmeti, tuseme kilo 6, hapo vinailemea shingo kama kilo 54, na shingo hiyohiyo anatakiwa aigeuze atazame nyuma kumtafuta mwenzake.

Shingo ikiumia hutibika. Kinachoua ni damu kukosekana kichwani. Moyo uko kama sentimita 30 chini ya ubongo, na kila G inayoongezeka inapunguza presha inayofika juu kwa milimita 22 hivi za zebaki. Chukua mtu mwenye presha ya 120, kipimo anachokijua kila aliyewahi kufika kliniki, kisha uanze kutoa 22, tena 22, tena 22. Kabla ya kufika G 6 hesabu imeisha. Damu yote inakimbilia miguuni.

Macho ndiyo hutangulia kulalamika, maana jicho lina presha yake ndani inayoipinga damu isiingie. Rangi zinafifia, giza linaanza pembeni, rubani anabaki akiona katikati tu kama anayechungulia kwenye bomba. Akilegeza kona hapo, damu inarudi na mambo yanakuwa sawa. Tatizo ni kwamba ndege za siku hizi huingia kwenye G nyingi ghafla mno, dalili hizo zisipate nafasi ya kujitokeza. Ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde 5 hivi. Ndani ya sekunde hizo anaona vizuri, anafikiri vizuri, anajiona yuko imara. Kisha anazimika ghafla.

Kwa kawaida hukaa sekunde 12 hivi bila fahamu kabisa, na nyingine kama hizo akiwa amezinduka lakini hajui yuko wapi wala mkono wake umeshika nini. Kwa kasi niliyoitaja, sekunde 24 ni zaidi ya kilomita 5. Pua ya ndege ikiwa imeelekea ardhini, kilomita 5 hizo hazipo.

Anajikingaje? Anavaa suruali yenye mifuko ya hewa inayojaa yenyewe na kumbana mapaja, vigimbi vya miguu na tumbo, nayo humwongezea uvumilivu wa G moja hivi, au moja na nusu. Sehemu iliyobaki ni misuli yake. Anakaza miguu, makalio na tumbo kabla kona haijaanza, anavuta pumzi na kuifungia kooni, na kila baada ya sekunde 3 anabadilisha hewa upesi, chini ya sekunde moja, bila kulegeza miguu hata kidogo. Wakati huohuo anarusha ndege, anasikiliza redio, anahesabu mafuta. Siku za sherehe za kitaifa tunaziona ndege hizi zikipita juu ya uwanja, tunapiga makofi. Walio ndani wamekaza kila msuli na ovaroli zimelowa jasho. Ujana peke yake haumkingi mtu hapa. Wala mbio ndefu kupita kiasi hazisaidii, jambo linalowashangaza wengi kwetu Afrika Mashariki; sisi madaktari tunapendelea wanyanyue vyuma.

Mafunzo haya hufanyika kwanza chini, kwenye sentrifuji, mashine yenye mkono mrefu wa chuma unaozunguka na kibanda cha rubani mwishoni. Mimi huwa nje, natazama uso wake kwenye skrini. Mashavu yanashuka, kope za chini zinavutika, kijana anazeeka mbele ya macho yangu. Asipokaza vya kutosha, macho yanabaki wazi bila kuangalia chochote, kichwa kinaanguka, mikono inarukaruka yenyewe. Tunasimamisha. Akizinduka anauliza: "Mbona mmesimamisha mashine?" Inabidi tumwonyeshe video ndipo aamini. Karibu nusu ya wanaozimia kwenye mashine hizi hawakumbuki kabisa kwamba walizimia.

Mwezi Mei 2016, huko Arizona, mwanafunzi wa F-16 alizimia kwenye kona ya zaidi ya G 8. Ndege ikageuka na kuanza kuporomoka, huku mkufunzi wake akimpigia kelele redioni ainue pua. Hakuna jibu. Kilichomwokoa ni programu ya kompyuta ambayo jeshi la anga la Marekani lilianza kuiweka kwenye F-16 mwaka 2014: inajua ardhi iko wapi, na rubani asipochukua hatua inakamata usukani, inaiweka ndege sawa na kuinua pua. Yule kijana alitua salama.

Meja Stephen Del Bagno wa Thunderbirds, kikosi cha maonyesho cha jeshi hilohilo la anga, hakubahatika hivyo. Tarehe 4 Aprili 2018, kwenye mazoezi huko Nevada, alikuwa akiruka ndege ikiwa imepinduliwa, damu imejaa kichwani na mwili umeilegeza mishipa ili kuipokea. Kutoka hapo akaingia moja kwa moja kwenye G zaidi ya 8. Mishipa haikuwahi kukaza, akazimia. Alizinduka na kuanza kuiinua ndege, ikiwa imebaki kama sekunde moja tu kabla ya kugonga ardhi. Alikuwa na miaka 34, mjuzi wa hali ya juu, na kosa la kizembe silioni popote.

Kenya imekuwa na ndege za kivita za F-5 tangu 1978, na kituo chake ni Laikipia, Nanyuki. Ndege hizo huvumilia G 7 na kidogo, na programu ile hazina. Ndani yake rubani anategemea miguu yake, pumzi yake na ukweli wake.

Ukweli wake nautaja makusudi. Usiku mmoja bila usingizi, kuharisha, maji machache siku ya joto, kila kimoja hupunguza uvumilivu, na mimi sina kipimo cha kuyagundua yote asubuhi. Namtegemea aseme. Na akisema, nafasi aliyoingoja kwa miezi inakwenda kwa mwingine, na wenzake wanamwona amebaki chini. Niliwahi kujiwa na luteni kijana asubuhi ya zoezi kubwa, ndege tayari imejazwa mafuta. "Daktari, usiku nimeharisha. Sasa najisikia vizuri, lakini nimeona nikuambie." Hakuna ambaye angejua. Nikamzuia kuruka, naye akaenda kumweleza aliyechukua nafasi yake mpango mzima wa zoezi, kona baada ya kona. Kwangu mimi, kijana yule asubuhi ile alikuwa shujaa kuliko wote waliopaa.