Kisanduku cha kuanzia ni nini?

Kisanduku cha kuanzia ni boksi dogo ambalo mchapishaji wa michezo ya uhusika ya mezani huliuza kwa watu ambao hawajawahi kucheza. Katika michezo hii mtu mmoja, msimulizi, hueleza mahali na tukio. Wenzake, mara nyingi watatu hadi watano, kila mmoja hubeba mhusika wake na kusema anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka dadu ndiyo inayoamua. Aliyekulia kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!" hayuko mbali na mchezo huu, ila hapa wasikilizaji ndio wanaoamua sungura apite njia ipi.

Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, ulitoka 1974, na boksi lake la wanaoanza lilifuata 1977, likiwa na kanuni za ngazi ya 1 hadi ya 3 tu (ngazi ni kiwango cha uwezo wa mhusika, hupanda kadiri anavyocheza). Boksi la mchezo huo la 2014 linaonyesha vizuri jinsi kazi hii inavyofanywa: kijitabu cha kanuni cha kurasa 32, mkasa, yaani hadithi iliyoandaliwa ya kuchezwa, wa kurasa 64, karatasi 5 za wahusika waliokwisha kuandaliwa na dadu 6, kwa dola 19.99. Vitabu kamili vya mchezo huohuo ni vitatu, na kila kimoja kinapita kurasa 300.

Tazama mgawanyo huo wa kurasa. Mkasa umepewa mara mbili ya kanuni kwa sababu boksi, kwa kweli, limeandikiwa msimulizi. Wachezaji wanne hupatikana kibarazani jioni yoyote; adimu ni yule anayekubali kuongoza. Kwa hiyo anawekewa maneno ya kusoma kwa sauti, na kanuni anaelezwa pale inapohitajika kwa mara ya kwanza. Kampuni ya Chaosium ilikwenda mbali zaidi mwaka 2018: kwenye boksi la Call of Cthulhu, mchezo wao wa mambo ya kutisha, iliweka mkasa wa mtu mmoja. Unausoma peke yako, unachagua, unaruka hadi kifungu ulichoelekezwa, na ukimaliza umeshazijua kanuni za msingi. Kwetu sisi hiyo ndiyo mbinu bora kuliko zote.

Wahusika waliokwisha kuandaliwa nao wana sababu yao. Mgeni akiambiwa atengeneze mhusika mwenyewe, saa nzima inaweza kuishia kwenye majedwali kabla hajasema neno moja la mchezo, na wiki inayofuata haji.

Kwa aliyeko Kigoma, kinachokosekana haraka ni dadu ya pande 20, inayoamua mambo mengi katika mchezo wa boksi la 2014. Hili liliwapata hata wachapishaji wa mchezo huo: mwaka 1979 dadu ziliadimika, nao wakaweka ndani ya boksi vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, vya kuchomoa kwenye kikombe. Chukua vizibo 20 vya soda, viandike 1 hadi 20 kwa kalamu ya maka, tia kwenye kopo lisiloonyesha ndani. Kizibo kilichotoka kirudishwe na kopo litikiswe kila mara, la sivyo namba zilizobaki zinaanza kukisiwa. Ukiwa na vizibo 10 tu, ongeza dadu ya ludo: ikitoka 1 hadi 3, namba ya kizibo ibaki ilivyo, ikitoka 4 hadi 6, jumlisha 10. Usijumlishe dadu mbili za ludo ukadhani umepata mbadala. Jumla ya 7 hutoka kwa njia 6 kati ya 36, ilhali 12 ina njia 1 tu, na mchezo mzima unapinda.

Boksi lina udhaifu wake. Hilo la 2014 halikuwa na kanuni za kutengeneza mhusika, na mkasa wake uliishia karibu na ngazi ya 5. Kundi likimaliza, limefika ukutani. Daraja lilikuwa kanuni za msingi zilizotolewa bure mtandaoni mwaka huohuo. Zibaki kwenye simu. Steshenari chapisha karatasi za wahusika peke yake.

Zaidi ya boksi, chambo kingine cha kuwavuta watu ni leseni huria. Tangu 2000 wachapishaji wengine wameruhusiwa kuandika mikasa juu ya kanuni za Dungeons and Dragons, na kila mkasa mpya humrudisha msomaji kwenye mchezo mama. Januari 2023 Wizards of the Coast, wenye mchezo sasa, walijaribu kubana masharti, wakapingwa vikali, na mwezi huohuo wakaziweka kanuni za msingi, toleo la 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Kwa Mswahili hii ni habari kubwa: unaweza kuzitafsiri, hata kuziuza, mradi utaje chanzo.

Mikasa ya ndani ya boksi haimo katika ruhusa hiyo, hivyo andika wako. Anza na tukio lenye uamuzi ndani ya dakika tano: usiku wa giza, mtumbwi wa dagaa umetoka Kibirizi, mwalo wa Kigoma, karabai ya wenzenu imezimika ghafla ziwani na hakuna anayeitika. Pembeni andika ugumu, yaani namba ambayo mchezaji sharti aifikie: 10 kusogea kimyakimya kwa kasia, 15 kumtambua mtu gizani kwa sauti yake.