Matukio yasiyoweza kutokea pamoja: lini tunajumlisha uwezekano

Matukio mawili hayawezi kutokea pamoja pale ambapo, katika jaribio moja, likitokea hili basi lile haliwezekani tena. Ukirusha dadu mara moja na ikaangukia 3, haiwezi kuwa imeangukia 5.

Chukua kikundi cha upatu cha akina mama 12 wanaouza bidhaa soko la Majengo, Dodoma. Kila mwezi mmoja wao hupokea fedha zote, na zamu hupangwa kwa kuokota karatasi. Vikaratasi 12, Januari hadi Desemba, vinakunjwa vidogo, vinatiwa kwenye sufuria na kutikiswa. Mama wa nyanya ndiye wa kwanza kuingiza mkono. Moyoni anaomba apate Desemba au Januari: Desemba mvua zimeanza na shamba linataka mbegu, Januari shule zinafunguliwa.

Uwezekano wa kupata Desemba ni 1/12, na wa kupata Januari ni 1/12. Kwa kuwa kikaratasi kimoja hakiwezi kuwa na miezi miwili, tunajumlisha: 1/12 + 1/12 = 2/12, yaani 1/6. Kwa alama, tukiita kupata Desemba A, kupata Januari B, na P ikisimama badala ya neno uwezekano: P(A au B) = P(A) + P(B). Tunaruhusiwa kujumlisha kwa sababu hakuna kikaratasi kilichohesabiwa mara mbili. Mwanafunzi akilishika hili, hata akisahau kanuni kwenye mtihani ataijenga upya mwenyewe.

Sasa tubadilishe swali. Msimu wa mvua Dodoma ni kama Desemba hadi Aprili, miezi 5. Zabibu kwa kawaida huvunwa mara mbili kwa mwaka; tuchukue Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, miezi 4. Je, kuna uwezekano gani mama huyu aangukie mwezi wa mvua au mwezi wa mavuno ya zabibu? Wengi wataandika haraka 5/12 + 4/12 = 9/12. Hebu ihesabu miezi yenyewe kwa vidole: Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, Agosti, Septemba. Ni 7, si 9. Februari na Machi zimo kote kuwili, hivyo zilihesabiwa mara mbili na lazima zitolewe mara moja: 5/12 + 4/12 − 2/12 = 7/12. Haya ni matukio yanayoweza kutokea pamoja, na neno “au” peke yake halikupi ruhusa ya kujumlisha tu.

Hisia nazo hupotosha. Mvua na jua huonekana kama vitu vinavyokataana, lakini Januari hapa mvua inaweza kunyesha huku jua linawaka. Usiangalie kama maneno yanapingana. Angalia kama yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mara moja.

Penye utata mkubwa, nionavyo, ni pale matukio yasiyoweza kutokea pamoja yanapochanganywa na matukio huru. Matukio ni huru kama kutokea kwa moja hakubadilishi uwezekano wa lingine. Rudi kwenye sufuria. Kabla hakijaokotwa chochote, mama wa nyanya na mama wa dagaa kila mmoja ana 1/12 ya kupata Januari. Mama wa nyanya akiitoa yeye, nafasi ya mama wa dagaa inashuka kutoka 1/12 hadi sifuri. Huko siyo kuwa huru hata kidogo. Ni kutegemeana kwa hali ya juu kabisa. Kwa hiyo, matukio mawili yenye uwezekano uliozidi sifuri, kama hayawezi kutokea pamoja, kamwe hayawezi kuwa huru.

Uhuru utauona mama wa nyanya akiwa pia kwenye kikundi kingine cha watu 12, tuseme Chang'ombe, chenye sufuria yake. Alichookota Majengo hakiigusi sufuria ya Chang'ombe. Kupata Januari kote kuwili kunawezekana, na hapo tunazidisha: 1/12 × 1/12 = 1/144. Akitaka kujua uwezekano wa kupata Januari walau kwenye kikundi kimoja, anajumlisha kisha anatoa ile sehemu ya kote kuwili: 12/144 + 12/144 − 1/144 = 23/144.