Asilimia 97 Si Alama ya Mtihani

Jumapili iliyopita shemeji yangu alikuja kwetu kula chakula cha mchana, na kabla hajanawa mikono alitangaza kwamba jioni tutatazama filamu aliyoichagua yeye, kwa sababu "ina asilimia 97, shemeji, tisini na saba, unataka nini tena?" Tuliitazama. Ilikuwa filamu ya kupitishia muda: imepigwa vizuri, waigizaji wanaijua kazi yao, steringi hakufa, na hapakuwa na tukio hata moja ambalo ningelikumbuka kufikia Jumatano. Ilipokwisha, shemeji aliniuliza kwa unyonge kama hao waliotoa 97 walitazama filamu hiyohiyo au nyingine.

Hakuna aliyetoa 97. Jambo hili nimemweleza kinyozi wangu, nimelieleza msibani, nimewaeleza wanafunzi wa chuo, na katika miaka yote ambayo nimekuwa nikiandika uhakiki na kuchagua filamu za maonyesho ya Ijumaa jioni sijaona linakaa kichwani mwa mtu zaidi ya wiki moja. Ninaliandika hapa ili safari ijayo wali wangu usipoe.

Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ndiyo chimbuko la asilimia nyingi ambazo watu hutajiana, na kazi yake ni ya karani wa kura, si ya mwalimu anayesahihisha mitihani. Kila uhakiki unaoingia huwekwa katika fungu moja kati ya mawili: mhakiki ameikubali filamu, au ameikataa. Kisha karani hugawanya. Waliokubali wakifika 60 katika kila 100, filamu hupata nyanya nyekundu; wakipungua hapo, hupata nyanya ya kijani iliyopasuka. Karani haulizi mtu amekubali kwa kiasi gani, kwa hiyo aliyetoka ukumbini akifuta machozi na aliyetoka akisema "si mbaya" wamepiga kura zenye uzito uleule.

Chukua wahakiki 20 na filamu mbili. Filamu ya kwanza kila mmoja wao anaipa nyota 3 kati ya 5, yaani inatazamika na haina wa kumlaumu. Wote wameikubali, basi ina asilimia 100. Filamu ya pili, wahakiki 14 wanaipa nyota 5 na kuapa kwamba wataitazama tena, na 6 wanaipa nyota 2 kwa sababu imewachosha au imewakera. Hiyo ina asilimia 70. Rudi sasa kwenye nyota zenyewe: wastani wa filamu ya kwanza ni 3, na wa filamu ya pili ni 4.1. Shemeji yangu angeichagua ile ya kwanza bila kusita, na angekuwa amesinzia kabla ya nusu yake. Asilimia iliyo juu sana hupatikana ama kwa kuwa bora kupindukia ama kwa kutomuudhi mtu yeyote, na studio kubwa zimekwisha kujua siku nyingi kwamba hiyo njia ya pili haihitaji kipaji kikubwa.

Nimejiuliza kwa nini kosa hili ni gumu kung'oka, na kila mara ninarudi shuleni. Sisi tulilelewa na alama. Tisini na saba ni mtoto aliyebebwa mabegani siku ya kufunga shule, na sabini ni mtoto aliyeambiwa "jitahidi zaidi" kwa wino mwekundu. Isitoshe, katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania A huanzia 75, na Rotten Tomatoes nao hati yao ya ubora huanzia 75, mfanano wa bahati mbaya ambao kinyozi wangu aliutumia kunithibitishia kwamba mimi ndiye sijaelewa. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni.

Mwaka 2021 jambo hili lilifika mahali ambapo lingepaswa kueleweka hata bila ya mwalimu. Citizen Kane, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1941 ambayo kwa miongo mingi haikukosekana katika orodha za filamu bora za dunia, ilikuwa na asilimia 100. Ukapatikana uhakiki wa gazeti la Chicago Tribune wa mwaka huohuo wa 1941, wa mwandishi ambaye hakupendezwa nayo, ukaingizwa katika hesabu, na filamu ikashuka hadi 99 ikiwa na umri wa miaka 80. Hapo watu wakagundua kwamba Paddington 2, kisa cha dubu kutoka Peru anayependa mkate wenye jamu ya machungwa, bado ilikuwa na 100, na vichwa vya habari vikatangaza kwamba dubu amempiku Welles. Dubu hakumpiku mtu. Wahakiki wa filamu ya watoto hawana sababu kubwa ya kumkataa dubu mwenye adabu, ilhali filamu iliyojaribu kuvunja kila kanuni ya zama zake ilihitaji mtu mmoja tu mwenye kununa. Muda si mrefu dubu naye alipata mpinzani wake, akashuka hadi 99. Ninasema haya nikiwa nimeitazama Paddington 2 mara tatu pamoja na wanangu, na mara zote tatu mimi ndiye niliyelia.

Vipimo vingine nitavipitia haraka. Metacritic, ya mwaka 2001, hugeuza kila uhakiki kuwa alama na kutafuta wastani, huku ikiwapa baadhi ya wahakiki uzito zaidi bila kusema ni kiasi gani. Hiyo angalau inakaribia kile ambacho shemeji anadhani anakisoma. IMDb ni kura za watu wote, pamoja na wale ambao hawajaitazama filamu lakini wana ugomvi na mwigizaji wake. Rotten Tomatoes wenyewe, ambao tangu 2016 wamo mikononi mwa Fandango, kampuni ya kuuza tiketi za sinema, walilazimika mwaka 2019 kuzuia maoni ya watazamaji kuhusu filamu ambazo zilikuwa hazijaanza hata kuonyeshwa.

CinemaScore inastahili maneno zaidi, maana inafundisha jambo ambalo hizo nyingine zinalificha. Tangu mwaka 1979 kampuni hiyo imekuwa ikiwauliza watazamaji wa Marekani wanaotoka ukumbini usiku wa kwanza watoe alama, kuanzia A+ hadi F. Mwaka 2018 filamu ya kutisha iitwayo Hereditary ilikubaliwa na takribani wahakiki 9 katika kila 10, na usiku wa kwanza watazamaji wakaipa D+. Nimewasikia watu wakiutumia mfano huu kuthibitisha kwamba wahakiki wana majivuno, na wengine wakiutumia kuthibitisha kwamba watazamaji hawana akili, na pande zote mbili hunikera kwa kiwango sawa. Mtu anayekimbilia filamu usiku wa kwanza amevutwa na tangazo, na alama anayotoa ni jibu la swali hili: je, nimepewa nilichoahidiwa? Hereditary ni filamu ya msiba wa familia kabla ya kuwa filamu ya mashetani, inakwenda taratibu, na inaumiza pale ambapo mtu alikuja kushtuliwa. Mhakiki aliulizwa swali jingine, akatoa jibu jingine. Hakuna aliyedanganya.

Kinachonikera kuliko yote ni haya yanayotupata sisi. Filamu nyingi za Kiswahili hazina asilimia kabisa, kwa sababu karani hana kura za kuhesabu. Mtu huniambia, "Nimeitafuta, haina hata asilimia," kwa sauti ileile ambayo angesema gari halina injini. Zile zinazopata kuandikwa ni zilizopita kwenye matamasha ya ng'ambo, kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, na wanaoziandika wengi wao wamesoma maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya kioo. Siwalaumu, mimi nami filamu za Kikorea ninazisoma hivyohivyo. Hata hivyo mtu anayesoma maandishi hapati lafudhi. Hajui ni nani kati ya wahusika amezaliwa Unguja na ni nani amekuja juzi, hajui ni wapi "shikamoo" ni heshima na ni wapi imetolewa kwa kejeli, wala hausikii ule ukimya unaofuata baada ya mtu kuitikia "marahaba" kwa kuchelewa. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, kijana anayetoka kijijini kwenda kutafuta uigizaji mjini hubadilika kwa lugha kabla ya kubadilika kwa vitendo: nyumbani Kikikuyu, mjini Kiswahili na Sheng. Katika tafsiri yote hayo hugeuka kuwa Kiingereza kimoja kilichonyooka, na mtazamaji wa mbali huona jinai na msongamano wa magari. Basi mtazamaji wa Tandale au wa Likoni anaposubiri mtu wa Toronto ampe idhini ya kuipenda filamu ambayo yeye ameisikia kwa masikio mawili, nami ndiye ninayeombwa kuthibitisha hesabu hiyo, hasira zangu hazifichiki.

Kuna na mambo ya vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, ambayo hakuna kipimo chochote kinachoyafikia. Mtu hukusifia filamu ya Kichina kwa dakika ishirini, mkaja kugundua kwamba sehemu nzuri zote ni za mtafsiri aliyeingiza sauti yake juu ya picha, akawapa maadui majina ya mitaani na kumtania steringi kwa kukosa nauli. Hiyo ni kazi ya waandishi wawili, na anayeisifu amemsifu wa pili. Sioni ubaya wowote. Ninachoomba ni kwamba aniambie ameitazama wapi na kwa sauti ya nani, maana mimi nikiitafuta ile ya asili nitakuta filamu nyingine, iliyo kimya zaidi na pengine mbovu zaidi.

Sasa nikiri yangu. Asilimia ninaziangalia. Ninapokuwa na filamu 40 za kuchuja na siku tano za kufanya hivyo, ile yenye asilimia 8 ninaiweka kando, na mpaka leo sijui ni hazina ngapi nimezitupa kwa namna hiyo. Ninajifariji kwamba kipimo hiki husema kweli zaidi kikiwa chini kuliko kikiwa juu, lakini sina ushahidi nje ya uzoefu wangu mwenyewe. Nimewahi kuiponda filamu kwa maandishi, nikaja kuitazama tena miaka sita baadaye na kuona kwamba kilichokuwa kimechoka ni mgongo wangu. Nimewahi kuchagua filamu niliyoipenda kwa moyo wote kwa ajili ya onyesho la Ijumaa, na kufikia dakika ya arobaini nikabaki na watazamaji tisa, wawili wao wakiwa kwenye viti vibovu vinavyopiga kelele mtu akiinuka. Baada ya haya yote sina uhakika kwamba maoni ya mhakiki yanatabiri chochote kuhusu jioni yako. Yanaweza kukueleza filamu imefanya nini na imefanyaje. Kama itakufaa wewe, siku hiyo, ukiwa na hao ulio nao, hilo halimo.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniomba filamu humuuliza kwanza atatazama na nani, kwenye kioo cha ukubwa gani, na filamu ya mwisho aliyoizima katikati ilikuwa ipi. Watu huona ninajishaua. Shemeji alisema ninafanya kama daktari. Tabia hii niliipata kwa aibu, na filamu yenyewe ni The Gravedigger's Wife ya mwaka 2021, ya Khadar Ayderus Ahmed, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Finland akiwa kijana. Inasemwa kwa Kisomali, ilipigwa Djibouti, na mwaka huohuo ilitwaa tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika linalofanyika mjini Ouagadougou, Burkina Faso. Guled ni mchimba makaburi anayekaa na wenzake nje ya hospitali, sepetu mkononi, wakisubiri maiti itolewe ili wapate riziki. Mkewe Nasra anaugua figo, na fedha za upasuaji hawana. Ni filamu ya dakika 82 tu, yenye mapenzi na utani zaidi ya unavyotarajia, na wahakiki karibu wote waliikubali. Niliisifu wiki nzima kwa kila niliyekutana naye. Jirani yangu aliniomba kitu kizuri cha kutazama na mkewe jioni, nami nikamwazima hiyo kwenye flashi, nikamwambia ni nzuri mno, nikamtajia na asilimia yake. Sikumuuliza lolote. Mkewe alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mtaa mzima ulijua isipokuwa mimi.

Kesho yake aliirudisha flashi mapema asubuhi. Alisema ni filamu nzuri kweli, wameitazama hadi nusu. Kisha akaniuliza kama nina picha yoyote ya Kihindi, ya zamani, yenye nyimbo nyingi.