Nani anaweza kuandika faili hii?

Nikikagua kompyuta za ofisi hapa Nairobi, iwe ni Upper Hill au chumba cha nyuma cha duka la Luthuli Avenue, hoja moja hainikosi: "Huo udhaifu wa usalama ni wa ndani tu, hautumiki mpaka mtu awe ameshaingia kwenye mashine." Na kwa sababu hiyo masasisho yake huachwa yasubiri wiki nyingi. Sikubaliani na hoja hiyo hata kidogo.

Kuwa ndani si kazi. Saibani, kila anayelipia nusu saa yuko ndani. Kwenye sacco, karani wa kaunta yuko ndani, pamoja na kile kiambatisho cha barua pepe alichokifungua asubuhi. Kwenye seva ya kukodi inayobeba tovuti za wateja wengi, kila mteja yuko ndani. Kinachomzuia mtu huyo asigeuke msimamizi wa mashine nzima, kwa sehemu kubwa, ni ruhusa za faili.

Katika mfumo endeshi wa Linux kila faili ina mwenyewe, ina kundi lake, halafu wapo wengine wote. Kila upande hupewa au hunyimwa haki ya kusoma, kuandika na kuendesha. Juu ya hayo kuna alama iitwayo setuid, aliyoibuni Dennis Ritchie wa Bell Labs. Programu yenye alama hii huendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, si ya aliyeianzisha. Bila hiyo, mtumiaji wa kawaida asingeweza kubadili nywila yake mwenyewe, maana faili ya /etc/shadow, inayotunza nywila, huandikwa na ruti, yaani msimamizi mkuu wa mashine, peke yake. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, ila una gharama: kosa lililo ndani ya programu hiyo linaweza kumpa mtu yeyote mamlaka ya ruti.

Ndivyo ilivyokuwa kwa pkexec, programu ya setuid inayomwezesha mtumiaji kuendesha amri kwa mamlaka ya mwingine. Mwezi wa Januari 2022 watafiti wa Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kwamba programu hiyo, ikianzishwa bila hoja hata moja (maneno ambayo programu hupewa inapoanzishwa), ilisoma na kuandika nje ya orodha yake ya hoja na kuangukia vigeu vya mazingira, yaani mipangilio ambayo programu hurithi inapoanza. Kosa lilikuwemo tangu Mei 2009, kwenye karibu matoleo yote ya Linux yanayojulikana. Machi mwaka huohuo mtengenezaji programu Max Kellermann akaeleza udhaifu uitwao Dirty Pipe, alioufikia kwa kufuatilia faili za kumbukumbu za seva zilizokuwa zikiharibika bila sababu. Huo ulikuwa mbaya kwa namna nyingine: ruhusa zilikuwa sahihi kabisa, lakini kerneli, yaani kiini cha Linux, kuanzia toleo la 5.8, iliweza kudanganywa iandike juu ya faili ambayo mtumiaji aliruhusiwa kuisoma tu.

Windows nayo ilikuwa na lake. Julai 2021 iligundulika kwamba kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, faili ya SAM, inayotunza heshi za nywila (nywila zilizogeuzwa kuwa msimbo), ilisomeka na mtumiaji yeyote wa mashine. Mfumo ukiwa unafanya kazi faili hiyo hufungwa, lakini nakala za akiba ambazo Windows hujitengenezea yenyewe hazikufungwa. Microsoft walipotoa marekebisho, ilibidi msimamizi azifute zile nakala za zamani kwa mkono wake. Aliyesasisha akaishia hapo hakuwa amemaliza.

Makosa hayo ya watengenezaji hurekebishwa kwa kusasisha. Yanayoninyima usingizi ni yale tunayoyaweka wenyewe.

Chukua skripti ya kuhifadhi data ambayo cron, programu ya Linux ya kuendesha kazi kwa ratiba, huiendesha kila usiku kwa jina la ruti. Fundi ameifunga vizuri, ruti peke yake ndiye anayeiandika. Lakini folda iliyomo ina chmod 777, yaani kila mtu ana haki zote juu yake, kwa sababu siku moja kitu fulani kiligoma na mtu akataka kwenda nyumbani. Haki ya kuandika kwenye folda ni haki ya kuondoa kilichomo na kuweka kingine chenye jina lilelile, hata kama faili yenyewe huruhusiwi kuigusa. Ni kufunga sanduku kwa kufuli kisha kumwacha mpita njia alibebe na kuweka sanduku lake mahali pale. (Folda ya /tmp inanusurika kwa sababu ina alama maalumu inayozuia mtu kufuta faili ya mwenzake.) Kwa hiyo usikague faili tu, panda njia yake yote mpaka juu. Amri hizi mbili zitakupa pa kuanzia:

find / -xdev -type f -perm -4000
find / -xdev -perm -0002 ! -type l

Ya kwanza huorodhesha programu za setuid, ya pili huonyesha faili na folda ambazo yeyote anaweza kuziandika. Ziendeshe kwenye mashine yako, au kwa idhini ya maandishi ya mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao haina huruma na anayeingia asikoruhusiwa.

Upande wa Windows, adui wangu mkubwa ni programu za hesabu zinazojiweka moja kwa moja chini ya C:\ badala ya Program Files. Folda inayozaliwa hapo hurithi ruhusa za C:\ yenyewe. Ukiichunguza kwa icacls, amri ya Windows ya kuonyesha ruhusa, utaona mstari huu:

NT AUTHORITY\Authenticated Users:(I)(M)

I ni kwamba imerithiwa, M ni kwamba kila aliyeingia kwa nywila yake anaweza kuibadilisha. Sasa ikiwa programu hiyo ina huduma inayoanzishwa kwa mamlaka ya SYSTEM, akaunti yenye nguvu zote ya Windows yenyewe, karani hana haja ya ujuzi mkubwa. Faili inayoendeshwa haifutiki, lakini kuibadilisha jina inawezekana. Anaweka yake mahali pale, anasubiri umeme upotee na mashine iwake upya.

Ukiwaambia waliouza programu, watakujibu kwamba ikihamishwa itakataa kufanya kazi, kwa kuwa huandika data palepale ilipo. Basi data ipewe folda yake chini ya ProgramData, karani aruhusiwe kuandika humo tu, na folda yenye faili za kuendesha ibaki ya kusoma na kuendesha. Dai hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa.