SUV ndogo ya mkono wa pili Malindi: yasemwayo na ukweli wake

"Kilomita chache, gari zima."
Mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache, na hata ikisema kweli haikwambii gari lililala wapi. Toyota RAV4 ya kilomita 70,000 iliyolazwa miaka kando ya ufuo wa Silversands, kusi ikiirushia chumvi, yaweza kuoza kuliko ya kilomita 160,000 iliyotoka bara. Ipandishe, uingie chini na tochi. Angalia mabomba ya breki na mahali mikono ya chini inayoshikilia magurudumu inaposhikana na fremu. Gonga kwa kitako cha bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na magamba hudondoka. Ukikuta kumepakwa rangi nyeusi mbichi, ujue kuna kinachofichwa.

"Pwani kuna joto, thamostati ya nini?"
Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote. Thamostati ni valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ikitolewa, injini huchelewa kupata moto, hula mafuta, na oili hugeuka tope. Mara nyingi fundi huitoa kufunika ugonjwa mwingine: feni mbovu, rejeta iliyoziba au gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloki ya injini) iliyokwenda. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yenye kutu yanaonyesha gari halikutiwa kulanti, yaani dawa ya kupozea injini na kuzuia kutu. Na ikiwa ni ya kisima chenye chumvi, rejeta ya aluminiamu inaliwa kutoka ndani. Kisha washa injini: mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi. Gari zima hutiwa kulanti nusu, maji ya betri yasiyo asidi nusu.

"Oili ya CVT haibadilishwi."
Hubadilishwa. CVT ni giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Nissan X-Trail ya toleo la T31 yenye CVT hutaka oili ya NS-2, ya T32 hutaka NS-3. Oili ya giaboksi ya kawaida huiharibu. Iendeshe hadi Gede na kurudi, maana CVT iliyochoka hujificha ikiwa baridi. Ikipata moto, injini hupiga kelele na gari halivuti.

"Tairi ni tairi."
Si kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyokwisha huzunguka tofauti na mengine, na kapulingi inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma huungua taratibu.

"Forester zote ni sawa."
Subaru Forester yenye injini ya EJ20 ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Yenye injini ya FB20 ina cheni badala ya mkanda. Muuzaji wa EJ20 asipokuwa na risiti, bei ya mkanda, tenshena (kikaza mkanda) na pampu ya maji itoke kwenye bei yake.